Pacha wa Kiti cha Mdachi

Chungu kilikuwa kitupu.

Wiki iliyopita mliniacha nimekiinamia, kichwa kizima ndani, natafuta gundi kwenye kona, na chungu hakina kona. Najua wengine mlicheka. Leo hata mimi ningecheka. Lakini Jumanne ile nilikuwa na siku tatu tu za kumaliza kiti, sikuwa na tone la gundi, na shemeji yangu Tadei, ndugu wa mke wangu, alikuwa na pete ya chuma shingoni.

Kwa yule aliyefungia dagaa gazeti la wiki jana kabla ya kulisoma: mimi ni Daimu, Myao wa Nakapanya, seremala wa Boma la Songea enzi za Wadachi, yaani Wajerumani. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha kwa wenye bunduki. Sisi wengine tuliachiwa njaa. Tadei alikamatwa njiani na kibuyu cha maji, akasema ni ya kunywa, lakini mwaka ule hakuna aliyeamini kuwa kuna maji ya kunywa tu. Kila maji yalikuwa dawa ya vita. Akatiwa kwenye mnyororo wa watu kumi wa kupelekwa pwani siku ya Ijumaa. Waliotangulia pwani kwa mnyororo hatukuwahi kumwona hata mmoja akirudi.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipojitia katikati.

Ofisa mmoja wa Boma, tuliyemwita Bwana Miwani, alipewa viti viwili vya mahogani na mama mkwe wake siku ya harusi, huko kwao Ulaya. Viti vya zamani, vya kurithiwa. Kimoja kilizama mtoni wapagazi walipokuwa wakivuka. Sasa mke wake alikuwa njiani anakuja, na kitu cha kwanza angeuliza ni kiti cha mama. Kwa hiyo Bwana Miwani alitaka pacha wa kile kilichobaki, kichongwe kwa mkono, kwa njia za mafundi wa kale, pasiwe na mtu wa kuvitofautisha.

Nikamwambia hiyo kwangu ni kazi ya mchezo. Nikamwambia nimesomea kwa Mhindi wa Lindi. Sikumwambia kwamba kwa Mhindi huyo nilikaa miezi minne nafagia maranda. Nikatunisha kifua, nikasema sitaki malipo, namtaka Tadei.

"Kiti kizuri, mtu wako huru," akajibu. "Kiti kibaya, mnakwenda pwani wawili."

Haya, turudi kwenye chungu.

"Tabu!" nikamwita mke wangu. "Nani ameingia kibandani?"

Tabu akaja taratibu, akawa anatazama miguu yake.

"Hiyo gundi yako ilikuwa inanuka supu," akasema.

"Ni ngozi ya ng'ombe! Imechemka siku mbili! Ulitaka inuke nini?"

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi muulize mama."

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya vijana wa leo, mnaopeana mikono na wakwe zenu na kukaa nao meza moja. Sisi hatukuwa hivyo. Mama mkwe wangu alibatizwa na mapadre, wakampa jina la Kunegunda, na nilishukuru kwamba heshima ilinikataza kulitamka maana nisingeliweza. Miaka sita ya ndoa sikuwahi kumwona uso. Akitokea njiani, mimi naingia majanini. Akija nyumbani, anakaa nyuma ya ukuta wa mabua na kunipa mgongo. Tukiwa na neno, linapita kwa Tabu, hata kama tuko hatua mbili na kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa.

Siku hiyo alikuwa hatua mbili, nyuma ya mabua. Nilisikia anakohoa.

"Mwambie mama," nikamwambia Tabu, "fundi anauliza kwa heshima kama kuna mtu ameona kitu chunguni."

"Mama, mkweo anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie ndiyo."

"Anasema ndiyo."

"Mwambie mama, fundi anauliza kitu hicho kimekwenda wapi."

"Mwambie mkwe kimekwenda Boma. Nimewapelekea wale wa mnyororo. Askari wa zamu alikuwa na roho nzuri, akageuka upande. Wamekunywa wote kumi, Tadei wa kwanza."

Nikashika nguzo ya kibanda.

"Mwambie mama ile haikuwa supu! Ilikuwa gundi!"

Nyuma ya mabua kisu kikaacha kumenya mizizi.

"Mwambie mkwe," sauti ikasema polepole, "ndiyo maana Tadei alishindwa kufungua mdomo kunishukuru."

Nilitaka kukasirika. Nilijaribu kweli. Lakini watu wale walikuwa wanapewa konzi moja ya mtama kwa siku, na yule alikuwa mama amesikia harufu ya nyama baada ya miezi mitano ya mizizi. Halafu kuna jambo ambalo wiki iliyopita niliwaficha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimechovya kidole kwenye chungu kile mara tatu. Nilijiambia naonja uzito wa gundi.

"Na mwambie ilikosa chumvi," mkwe akaongeza.

Ngozi nyingine haikuwepo. Ng'ombe wote wa upande ule walikuwa wamesombwa na askari, na ngozi ile moja nilipewa kutoka ghala la Boma, ikaandikwa. Kwenda kuomba ya pili maana yake ni kueleza ya kwanza ilikokwenda. Anayekula mali ya Serikali hupigwa viboko ishirini na tano, na mgongo wa mama mkwe wangu ulikuwa mgongo wa mtu mzima.

"Mwambie mama," nikasema, na sauti yangu sasa ilikuwa ndogo, "kiti bila gundi kitaachana. Tadei ataondoka Ijumaa, na mimi nyuma yake."

"Mwambie mkwe, baba yake Tabu alichonga vigoda miaka thelathini na hakuwahi kupika ngozi."

"Mwambie mama, vile vilikuwa vigoda. Hiki ni kiti cha Ulaya."

"Mwambie mkwe, hata Ulaya wanakalia palepale."

Tabu alificha mdomo kwa kitambaa. Mimi nikajifanya sioni.

"Na muulize," sauti ikaendelea, "huo mti wake ni mkavu?"

Swali hilo lilinichoma, maana nilikuwa nimemwapia Bwana Miwani kwamba ule mkangazi wangu, ambao ndio mahogani ya huku kwetu, umekaushwa kivulini miaka miwili.

"Mwambie mama ni mkavu kabisa."

"Mwambie mkwe nimeusikia msumeno wake. Mti mkavu hupiga kelele. Wa kwake unanong'ona, na unga wake ukiufumbata unashikana."

Nikaufumbata unga wenyewe, ukashikana. Mti ule niliukata mwenyewe bonde la Luhira, wiki saba tu nyuma. Kumbe siri yangu kubwa ya kifundi ilikuwa inasikika hadi nyuma ya ukuta wa mabua, na mwenye kuisikia alikuwa mama anayechambua mizizi.

"Mwambie asihuzunike," Kunegunda akasema. "Ubichi huo ndio utamwokoa. Miguu aiache na ubichi wake. Zile ndimi za mbao zinazoingia kwenye matundu ya miguu, azikaushe ndani ya mchanga wa moto mpaka zikae kama mfupa. Azipigilie zikingali na joto. Ulimi utanywa maji ya mguu, utavimba. Mguu utanyauka, utabana. Vikishashikana hivyo, atakayevitenganisha labda atumie shoka."

Nilisimama pale na nyundo yangu. Miezi miwili nilikuwa natembea Songea nzima kama mwalimu wa maseremala, na kazi nzima alikuwa anaijua mkwe wangu.

"Mwambie mama," nikasema, "fundi anashukuru."

"Mwambie asishukuru. Achonge."

Nikachonga.

Kiti chenyewe sikuruhusiwa kukitoa barazani kwa Bwana. Kila asubuhi nilikwenda na uzi wenye mafundo, nikakipima kwa magoti, nikarudi mbio kibandani kabla sijasahau fundo gani ni la mguu na gani ni la mgongo. Jumatano nilisahau. Nikachonga mkono wa kiti kwa kipimo cha mguu, na kama ningeachwa niendelee, Bwana Miwani angekalia kitu cha kukamulia maziwa.

Ndimi mbili nilizipasua kwa kupiga kwa haraka. Ya tatu ilikuwa kidole changu.

"Mwambie anapiga kwa hasira," ikasema sauti ya nyuma ya mabua. "Apige kama anayemwamsha mgonjwa."

Nikapiga kama anayemwamsha mgonjwa. Ulimi ukaingia wote, wa moto, na tundu likaumeza. Nikavuta. Nikauma meno, nikaweka mguu ukutani, nikavuta tena. Nilichofanikiwa kukitoa ni pumzi yangu tu.

Siku ya Alhamisi ilikuwa ya kudanganya macho. Nikapaka maji ya majivu ili mti ukomae rangi, nikaukausha, nikaupaka nta ya nyuki na kuusugua kwa kiganja mpaka kiganja kikang'aa kabla ya kiti. Kiti cha Bwana kilikuwa na matundu ya wadudu arobaini na moja. Nikayatoboa yote kwa waya wa moto, kila moja mahali pake. Nilipohesabu nikakuta arobaini na mbili, nikaziba moja kwa nta. Chini ya kikalio palikuwa na herufi za kuchomwa ambazo sikuweza kuzisoma. Nikazichora vilevile, pamoja na kidoa cha wino kilichokuwa pembeni, maana sikujua kama nacho ni herufi.

Mchana nikaenda kukifananisha na mwenzake barazani. Nikatazama hiki, nikatazama kile. Nikatamani yule Mhindi wa Lindi angekuwepo, anione, halafu anipe ufagio wake.

Ijumaa asubuhi watu walijaa mbele ya Boma. Mnyororo ulikuwa umeshapangwa uwanjani, watu kumi, pete kumi. Tadei alikuwa wa mwisho, amekonda mpaka masikio yake yameonekana makubwa.

"Shemeji," akaniita kwa chini nilipopita. "Ile supu..."

"Nyamaza, Tadei."

"Siku tatu tumbo halijadai kitu."

"Nimesema nyamaza."

Nilikuwa nampenda sana kijana yule. Ndiye aliyenipokea siku nilipofika kuposa, Myao peke yangu, na kuwaambia ndugu zake wote kwamba nina akili. Hakuwahi kuyafuta maneno hayo hata baada ya kunifahamu.

Tabu alisimama ubavuni pa baraza. Mama yake alikuwa nyuma yake, penye ua wa miti, ametupa mgongo kwa heshima yangu. Watu elfu moja walikuwa wanatazama mbele, yeye peke yake anatazama nyuma.

Bwana Miwani akatoka, akaamuru nigeuke ukutani. Ombasha Majaliwa, askari mwenye cheo aliyeshika funguo za mnyororo, akavibeba viti, akavifuta vumbi, akavizungusha, akaviweka sambamba.

"Geuka," Bwana akasema. "Usiseme neno. Mimi nitajua."

Akavizunguka mara moja. Akavizunguka mara ya pili. Akapiga magoti, akahesabu matundu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akanusa kimoja, akanusa cha pili.

Sasa niseme ukweli. Na mimi sikujua. Majaliwa alipovizungusha alinipoteza kabisa. Miezi miwili nilikuwa namwomba Mwenyezi Mungu viti hivi visitofautike, na dua ilikuwa imepokelewa kupita kiasi.

"Nitajua kwa kukaa," Bwana akasema.

Akakalia cha kushoto. Akajitupa kidogo. Akaegemea. Kiti kikatulia.

"Hiki," akasema, akipiga mkono wa kiti, "ni cha mama wa mke wangu. Imara. Kazi ya mafundi wa kweli."

Akahamia cha kulia, akaketi.

Kwaa!

Mguu wa nyuma ukakatika. Bwana Miwani akaenda chini na kiti chake, miwani ikaruka hadi ngazini.  Mtu mmoja tu alicheka, tena alicheka kwenye mnyororo, na nadhani mnamjua.

Bwana akainuka, uso mwekundu.

"Hiki ndicho chako!" akanifokea. "Mwongo! Ombasha, waondoke! Na huyu mfunge nyuma yao!"

Mnyororo ukalia. Watu kumi wakaanza kujikokota kuelekea lango. Tabu akapiga ukelele, akajishika kichwa.

Na mimi? Nitawaambia jambo la aibu kuliko yote niliyowahi kuyaandika hapa. Nilimwamini Bwana. Sikufikiri hata kidogo kwamba kilichovunjika ni cha kwake. Mtu niliyejisifu Songea nzima, nilipoona kiti kimekatika mguu, nikasema moyoni, naam, hicho ndicho cha Daimu. Nikanyoosha shingo yangu mwenyewe.

Ndipo nikaisikia sauti kutoka penye ua.

"Tabu. Mwambie mkwe nimesikia."

Tabu alikuwa analia. "Mama, siyo sasa..."

"Mwambie! Kilicholia ni mti mkavu. Wa kwake ungenong'ona."

Nikakigeukia kile kiti kilichoanguka. Halafu nikaanguka magotini, nikauokota ule mguu.

Nje ulikuwa mwekundu, mzuri, wa mahogani. Lakini ule wekundu ulikuwa mwembamba kama ganda la kitunguu. Ndani mti ulikuwa mweupe kama muhogo uliomenywa, laini, umeliwa na wadudu mpaka unga unamwagika. Kati ya ganda na mti palikuwa na mabaki ya gundi kuukuu, ya njano, imekauka inapukutika.

Kile kiti cha kurithiwa hakikuwa cha mahogani. Kilikuwa mti wa ovyo uliovishwa ngozi ya mahogani. Mimi nilikuwa nimepoteza miezi miwili, ndimi mbili na ukucha mmoja, nikikiigiza kiti ambacho nacho kilikuwa kinaigiza.

"Bwana!" nikaita. "Naomba kisu chako!"

"Nini?"

"Kisu, Bwana. Na sikio lako. Hili si la kusema kwa sauti."

Sijui kwa nini alinipa. Labda uso wangu ulikuwa umebadilika. Nikamwendea karibu kabisa, nikamwonyesha ule weupe. Kisha nikakipindua kiti kilichosimama, nikakikwangua chini, mahali pasipoonekana. Nikakwangua kwa kina. Chini ya wekundu palikuwa na wekundu, na chini yake tena wekundu, bado una majimaji.

"Cha mkangazi ndicho changu, Bwana," nikanong'ona. "Hakina hata tone la gundi. Kilichokuangusha ndicho cha mkweo."

Akaushika ule mguu mweupe. Akauchimba kwa ukucha, unga ukamwagikia buti zake. 

"Mama wa mke wangu," akasema hatimaye, "aliniambia viti hivi vilitoka nyumba ya mfalme."

"Labda hata mfalme hakujua, Bwana."

Tukatazamana. Kwa muda mfupi sana tulikuwa watu wa namna moja, yeye na mimi, wanaume wawili waliofungwa midomo na wakwe zao. Nilimhurumia. Kosa hilo la kumhurumia nalilipia hadi leo.

"Ombasha!" akaita. "Rudisha watu! Yule wa mwisho, mfungue."

Funguo zikalia, pete ikafunguka. Tadei akatoka, akajishika shingo kama haamini kuwa ni yake. Tabu akapiga vigelegele, akamrukia nduguye, wakaanguka wote wawili kwenye vumbi. Na mimi nikalia mbele za watu, nikiwa na kisu cha Mdachi mkononi. Alhamdulillahi, nikasema. Alhamdulillahi.

"Bwana," akasema Ombasha Majaliwa.

"Nini tena?"

"Barua ya pwani imeandikwa watu kumi. Wamebaki tisa."

Bwana Miwani akaitazama barua. Akautazama mguu mweupe. Akageuka, akanitazama mimi polepole, na nikaona kabisa hesabu inavyopita nyuma ya ile miwani. Mke wake alikuwa njiani. Songea nzima, aliyejua kiti cha mama mkwe kina nini ndani alikuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa anafahamika kwa mdomo.

"Kumi," akasema. "Basi wawe kumi."

"Bwana! Uliahidi!"

"Niliahidi mtu wako huru. Mtu wako yuko huru." Akachukua kisu chake mkononi mwangu, taratibu, kama anayemsaidia mgonjwa. "Wewe unajua mengi, fundi."

Majaliwa akanivuta hadi kwenye mnyororo, chini ya ngazi. Pete ikafungwa. Ilikuwa bado na joto la Tadei.

"Nirudishie mimi!" Tadei akapiga kelele. "Nirudishie pete yangu!" Askari wawili wakamkandamiza chini.

Ndipo yule mama aliyekuwa ametupa mgongo penye ua akageuka.

Kunegunda akapita katikati ya watu, miguu mitupu. Alikuja moja kwa moja upande wangu. Nikataka kuinamisha kichwa kama heshima inavyodai. Pete haikuniruhusu. Kile chuma kilikuwa kimenishika kidevu juu, na kwa hiyo, baada ya miaka sita, nikamwona mkwe wangu uso. Ulikuwa uso wa Tabu, wenye njaa ya miaka mingi zaidi. Naye alinitazama bila kupepesa.

"Daimu," akasema. Hakupitia kwa mtu. "Mwanangu."

Kisha akageuka, akapanda ngazi za baraza, akaenda kwenye kile kiti cha mkangazi, ambacho hakuna mtu wa Songea aliyethubutu hata kukigusa, akakikalia. Akaweka mikono juu ya mikono ya kiti.

"Bwana," akasema, "kiti hiki amechonga mwanangu. Ukimpeleka pwani, nipeleke mimi kwanza, na unipeleke nimekaa."

Majaliwa akaikoki bunduki yake. Akamtazama Bwana Miwani akisubiri neno.

Na mimi, na chuma shingoni, na mama mkwe mbele ya mtutu, nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nasikiliza miguu ya kiti. Mungu anisamehe. Haikulia. Ilinong'ona kidogo, ikatulia.

Bwana Miwani akafungua mdomo kutoa amri, lakini pale langoni ikasikika tarumbeta. Askari mmoja akaja mbio, jasho linamchuruzika, akasimama kwa heshima chini ya ngazi.

"Bwana! Bibi amefika! Msafara uko langoni!"

"Leo? Walisema bado siku tisa!"

"Amefika, Bwana. Machela ni mbili."

"Mbili kwa nini?"

Askari akageuka kutazama langoni.

"Bibi amekuja na mama yake."

Nilimwona Bwana Miwani anakuwa mweupe, mweupe kuliko ule mguu aliokuwa ameushika, kisha akauficha nyuma ya mgongo wake. Kwenye vumbi la lango akatokea mama mmoja mrefu wa Kizungu, mwavuli mkononi, anakuja barazani kwa hatua za mtu aliyechoka safari na anayetaka kuketi.

Kiti kilichobaki kilikuwa kimoja, na kilikuwa na mtu.